Tiketi Niliyopanda Nayo Chomboni

Nilikata tiketi ya ndege siku kumi na moja kabla ya kupanda chombo, nikaichapisha, nikaikunja mara mbili na kuitia katika mfuko wa plastiki pamoja na pasipoti. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Safari ilikuwa ya maili 90 za baharini, na mashua ya nahodha, yenye urefu wa mita 12, ilizoea kwenda noti 5, yaani maili 5 kwa saa, ukivuma upepo wa kawaida. Kwa hiyo tukitweka tanga Jumatano saa tisa alasiri, baada ya saa kumi na nane, yaani Alhamisi saa tatu asubuhi, tungekuwa bandarini. Ndege ya kwanza iliondoka saa kumi alasiri siku hiyohiyo. Nilijiachia saa saba za kushuka, kuoga na kufika uwanja wa ndege, nikaziona ni nyingi. Jumamosi saa nne asubuhi mdogo wangu alikuwa anahitimu chuo kikuu, nami nilikuwa nimemwahidi kwamba jina lake likisomwa atasikia vigelegele vyangu.

Sikumwambia nahodha habari za tiketi hiyo. Alijua kwamba nitashuka mwisho wa safari, lakini alidhani nitakaa nao siku mbili tatu kwanza, na mimi nilinyamaza kwa sababu niliona haya kumwekea mzee wa watu sharti ndani ya chombo chake mwenyewe, hali alikuwa ananichukua bure nijifunze kazi. Leo naamini kwamba kunyamaza kule kulikuwa kosa kubwa kuliko tiketi yenyewe. Watu wa vyombo vya matanga humwambia mgeni achague moja kati ya mawili, bandari atakayofika au siku atakayofika, na neno hilo nilikuwa nimelisikia mara nyingi. Ila nililichukua kama onyo kwa wanaovuka bahari kuu kwa majuma mengi, si kwa mtu wa safari ya usiku mmoja.

Tulikuwa wanne: nahodha, mkewe ambaye sote tulimwita Mama, kijana mmoja aliyekuwa na safari nyingi kuliko mimi, na mimi. Zamu zilikuwa za watu wawili wawili kwa saa nne nne, nami niliwekwa pamoja na nahodha. Kabla giza halijaingia kila mmoja alivaa jaketi la kuokolea maisha na mkanda wa usalama wenye kamba fupi, ambayo ncha yake hufungwa kwenye kamba nyingine iliyotandazwa juu ya sitaha kutoka omo, yaani mbele ya chombo, hadi tezi, yaani nyuma yake, kwa sababu mtu akianguka majini usiku, hata chombo kikiwa kinakwenda polepole, kumwona tena ni bahati. Taa zote nyeupe za ndani zilizimwa. Jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza barabara, na mwanga mweupe wa sekunde chache huifuta kazi hiyo yote, ndiyo maana taa ya dira ilikuwa nyekundu na hafifu. Saa zile za kwanza zilikuwa nzuri sana. Nilishika kana ya usukani kwa mkono mmoja, nikasikia chombo kikiegemea upepo na maji yakipita ubavuni, na nyuma yetu mkondo wa povu ukimeta kwa vijidudu vya baharini vinavyotoa mwanga vikisumbuliwa.

Saa tatu usiku, tukiwa tumekwisha kupiga maili 30, upepo uligeuka. Haukuja na kishindo. Ulilegea kwa dakika kumi, tanga likapigapiga, kisha ukarudi ukitokea kulekule tulikokuwa tunakwenda. Chombo cha matanga hakiwezi kukabili upepo usoni. Hubidi kibishe, kiende upande wa kulia wa upepo kwa muda, kigeuke, kiende upande wa kushoto, na kila upande kimekengeuka karibu nyuzi 45 kutoka njia yake. Kwa hesabu hiyo maili 60 zilizobaki zilikuwa zimegeuka kuwa maili 85. Mawimbi nayo yalianza kutupiga omoni, na mwendo ukashuka hadi noti 4. Injini ilikuwepo, lakini dhidi ya mawimbi yale isingetupa zaidi ya noti 3, na mafuta yalikuwa ya saa kumi na mbili tu, ambayo nahodha aliyawekea akiba ya kuingilia bandarini na ya dharura.

Zamu yangu iliisha saa sita usiku, nikashuka chini nilale. Sikulala. Nilijifunga kitandani ili nisianguke, nikaanza kugawanya 85 kwa 4, na kila nilipogawanya nilipata saa ishirini na moja na dakika chache, maana yake Alhamisi saa kumi na mbili jioni, saa mbili baada ya ndege kuruka. Nilijaribu noti 5. Nilijaribu kudhani kwamba upepo utarudi ulipokuwa. Kichefuchefu kilichokuwa kimenikaa mbali tangu jioni kilinijia palepale, maana hakuna kinachokiita upesi kama kuinamia karatasi chini ya sitaha wakati chombo kinapanda na kushuka.

Saa nane usiku nilisogea hadi mlangoni mwa chumba, mahali ambapo kifaa cha ujumbe wa setilaiti kiliweza kuona anga, nikamwandikia mdogo wangu. Kifaa kile kilipokea herufi 160 kwa ujumbe mmoja, na mimi sikuwa nimemwachia kitu chochote: si namba ya tiketi, si jina la shirika la ndege, si namba ya pasipoti. Ilinibidi niitoe tiketi mfukoni, niimulike kwa taa nyekundu, na kunakili zile herufi sita za kumbukumbu huku nikishika ukingo wa mlango kwa kiwiko. Kwa mwanga mwekundu herufi O na sifuri zilionekana sawa. Nilituma mara tatu.

Jambo hili lingenigharimu kidogo sana kama ningelifanya nikiwa nchi kavu. Tiketi yangu ya kwanza ilikuwa ya kwenda na kurudi, na kwa mashirika mengi ya ndege abiria asipotokea bila taarifa, safari zote zinazofuata kwenye tiketi hiyo hufutwa, hata ile ya kurudi ambayo ameilipia. Akitoa taarifa kabla ndege haijaondoka, mara nyingi atalipa tofauti na faini, lakini thamani iliyobaki ataiokoa. Tiketi ya pili, ya kuunganisha kutoka kiwanja kikubwa, niliikata kwa shirika lingine kwa kuwa ilikuwa ya bei nafuu. Hiyo ilikuwa haibadilishwi wala hairudishwi, na kwa kuwa haikuhusiana na ya kwanza, hakuna aliyewajibika kwangu. Mdogo wangu alipiga simu asubuhi ofisi zilipofunguliwa, akaiokoa ya kwanza. Ya pili ilipotea yote.

Palikuwa na mkanganyo mwingine ambao sikuutarajia, wa saa. Nahodha aliandika daftari la safari kwa saa za kimataifa, zile zinazotumika katika utabiri wa hali ya hewa wa baharini. Tiketi ilikuwa kwa saa za bandari, kwa mtindo wa saa ishirini na nne. Na mimi na mdogo wangu tunahesabu saa kama tulivyolelewa, jua likizama ni saa kumi na mbili. Nikiwa nimechoka nilinakili kutoka kwenye daftari kwamba tutafika 1500. Yeye akasoma saa tisa alasiri, akaanza kunitafutia ndege ya usiku uleule, kumbe saa za daftari zilikuwa nyuma ya saa za bandari kwa saa tatu. Baada ya hapo tuliandikiana kwa maneno: jua likizama, alfajiri, adhuhuri. Hatukukosea tena, isipokuwa mara moja, nayo nitaieleza.

Nilirudi zamu saa kumi alfajiri nikiwa sijafumba macho, na hapo ndipo tiketi iliponionyesha ilivyokuwa na nguvu juu yangu. Upande wa kulia niliona taa mbili nyeupe, moja juu ya nyingine, na chini yake nyekundu. Nilijua maana yake: meli kubwa inayotuonyesha ubavu wake wa kushoto, inayokatisha mbele yetu kutoka kulia. Nikaitazama, nikarudi kwenye mawazo ya ndege. Nahodha akauliza, "Dira inasema iko nyuzi ngapi?" Sikuwa nimepima. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinamtaka mshika zamu apime mwelekeo wa chombo kinachokaribia, kwa sababu kama mwelekeo huo haubadiliki ilhali umbali unapungua, vyombo viwili vinaelekea kukutana. Taa ya mlingoti ya meli ya mita 50 au zaidi hutakiwa kuonekana kutoka maili 6, na meli inayokwenda noti 18 huzimaliza maili hizo kwa dakika ishirini. Nilipima: nyuzi 40. Dakika tatu baadaye, nyuzi 40. Tano, nyuzi 40. Ni kweli kwamba meli ya injini ndiyo inayotakiwa kukipisha chombo cha matanga, lakini kwanza inabidi ikione, na nahodha hakutaka kukisia. Aliwaita kwa redio, chaneli ya 16, akataja mahali tulipo, na baada ya muda niliona taa yao nyekundu ikitoweka na ya kijani ikijitokeza, wakapita nyuma yetu.

Hakunikaripia. Aliuliza tu, "Mwanangu, uko wapi usiku huu?" Nikamweleza yote: tiketi, mahafali, ahadi. Alinisikiliza huku akitazama tanga, kisha akasema ningemwambia Jumatatu, tungeondoka Jumanne, maana utabiri wa Jumanne ulikuwa mzuri na yeye alisubiri hadi Jumatano kwa ajili tu ya kupaka rangi mlango. Maneno hayo yaliniuma kuliko karipio lolote.

Alhamisi mchana kutwa tulibisha. Sina mengi ya kuieleza siku ile: kugeuza chombo kila baada ya saa mbili, maji ya chumvi machoni, usingizi wa vipande vipande, pwani inayoonekana na kukataa kukaribia. Jua lilipozama tulikuwa maili 3 kutoka lango la bandari, na giza likatukuta hapohapo.

Mtu asiyewahi kuingia bandari ngeni usiku kwa chombo kidogo atadhani kwamba taa za mji humsaidia. Ukweli ni kinyume. Maboya ya mlango yalikuwa na taa zake, nyekundu upande mmoja na kijani upande mwingine, zenye mpigo wake maalumu ulioandikwa kwenye ramani ya bahari, lakini nyuma yake palikuwa na barabara, magari, mabango yanayowakawaka na taa za kuongozea magari ambazo nazo ni nyekundu na kijani. Nilitafuta boya la kwanza kwa darubini kwa dakika kumi nzima, nikalipata, nikalipoteza. Kijana alisema kwamba mitambo inatosha, tufuate mstari wa kwenye skrini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamuunga mkono, kwa sababu nilikuwa nimekokotoa kwamba tukiingia usiku ule ningeweza kuiwahi ndege ya Ijumaa mchana. Nilizungumza kwa hoja nzuri kabisa, za kina cha maji na mwendo wa polepole, na hakuna hata moja iliyotokana na bahari.

Nahodha alitusikiliza sote wawili. Kisha akasema, "Bandari nisiyoijua siiingii gizani. Tiketi hununuliwa nyingine." Akageuza omo kuelekea bahari, tukaondoka pwani kwa saa moja, kisha akakituliza chombo kwa namna ambayo nilikuwa sijaiona bado: tanga dogo la mbele likavutwa upande wa upepo, usukani ukafungwa upande wa pili, na nguvu hizo mbili zikapingana hadi chombo kikakaa karibu kimesimama, kinayumba taratibu, kinasukumwa kidogo tu. Kelele zote zilikoma. Mama akachemsha maji, tukanywa kitu cha moto kwa mara ya kwanza tangu usiku uliotangulia.

Katika utulivu ule ndipo nilipofanya kosa la pili la saa. Mtandao wa simu ulikamatika kidogo, na ujumbe wa mdogo wangu ukaingia: ndege ya Ijumaa mchana imejaa, ipo ya 00:40 Jumamosi, akate? Nikajibu kwamba Jumamosi usiku nitakuwa nimechelewa, mahafali yatakuwa yamekwisha, aache. Nikalala. Nilipoamshwa kwa zamu saa nane nilikuta amenijibu mara nne, na wa mwisho ulisema, "Dada, hiyo ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Ni kesho usiku baada ya chakula, siyo keshokutwa. Nimeshakata, unaweza kunigombeza baadaye." Alikuwa amebakiwa na nafasi mbili za kuchagua. Tangu siku ile sikati wala sikatai tiketi yoyote nikiwa sijalala, na kama ndege inaruka baada ya saa sita usiku naandika kando yake siku ninayotakiwa kutoka nyumbani, kwa sababu tarehe ya tiketi na siku ya mwenye kusafiri si kitu kimoja.

Tuliingia Ijumaa baada ya jua kuchomoza, kwa injini, polepole. Ndani ya mlango, jirani kabisa na mstari ule ambao kijana na mimi tuliutetea usiku, palikuwa na tishari la kubebea mizigo, refu, la chuma, limetia nanga, limepakwa kutu, halina taa hata moja wala mahali pa kuning'inizia taa. Tulilipita kwa umbali wa kama mita ishirini. Hakuna aliyesema neno. Nilihesabu mabamba ya chuma ya ubavuni mwake hadi likabaki nyuma.

Kufika bandarini hakukuwa kufika. Kwa kuwa tulitoka nchi nyingine, tulipandisha bendera ya manjano inayoomba ruhusa ya kuingia, na mpaka afya, forodha na uhamiaji wamalize, nahodha peke yake ndiye aliyeruhusiwa kushuka. Mimi nilibaki sitahani na begi langu miguuni. Karatasi za wafanyakazi wa chombo alikuwa amezijaza kabla ya safari, zikionyesha kwamba wote wanne tutaendelea kuwemo chomboni, naye asingeweza kuandika vinginevyo kwa sababu sikuwa nimemwambia. Aliyeingia nchini kama baharia hawezi kutoka uwanja wa ndege kama abiria bila jina lake kuondolewa katika orodha ile. Ofisa alitaka barua ya nahodha, nakala ya tiketi ya kutoka na fomu nyingine, na mwenye kugonga muhuri alikuwa amekwenda mapumziko. Tulimaliza saa saba mchana. Ofisa hakuwa na kosa hata moja. Alinipa kalamu yake nijazie fomu, na mkono wangu uliandika kwa kuyumba, maana sakafu ya ofisi ilikuwa bado inapanda na kushuka chini yangu kama sitaha.

Nilipomuaga nahodha nilimwomba radhi kwa maneno ya usiku ule. Alinishika bega, akasema kwamba kila anayepanda chombo hupanda na jambo lake, kazi ya nahodha ni kulijua mapema, na yeye pia hakuniuliza. Niliona ananipunguzia mzigo, lakini tangu hapo, kila ninapopanda chombo cha mtu, namweleza mambo yangu kabla sijaweka begi: nani ananingoja, siku gani, na kwamba nikichelewa itakuwaje. Taarifa zangu zote huachwa kwa mtu mmoja nchi kavu, zimeandikwa kwa herufi kubwa. Na tiketi ya kuondoka sikati mpaka kamba za chombo zimefungwa gatini, hata kama bei itakuwa imepanda.

Ndege ya 00:40 ilitua alfajiri. Tiketi ya kuunganisha ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilipanda basi la saa kumi na mbili, safari ya saa tano, nikilala na kuamka nikidhani nimeitwa zamu. Mdogo wangu alikuwa na jina linaloanza na herufi ya mwanzo mwanzo, na saa nne na nusu, basi likiwa bado barabarani, lilisomwa. Nilimkuta saa sita mchana nje ya ukumbi, chini ya mti, watu wengi wamekwisha kuondoka, joho lake limekunjwa juu ya mkono. Aliponiona alianza kulikunjua. "Simama pale mbali," akasema, "mimi nitajisoma mwenyewe." Nikasimama, na ardhi ikayumba kidogo chini yangu, naye akalitaja jina lake kamili, la baba na la babu, kwa sauti ya juu.